Picha ya Ndege Kiotani: Umbali Kwanza, Fremu Baadaye

Wasomaji wa Kyela, Matema na Tukuyu huniuliza maswali mawili yale yale, na mvua zikianza maswali huongezeka. La kwanza: nikisogelee kiota kiasi gani? La pili: nimerudi na picha chungu nzima zinazofanana, nichague ipi? Nayajibu pamoja kwa sababu hayatengani. Picha bora ya kiota ni ile inayomwonyesha ndege akiendelea na shughuli zake, na ndege uliyemsogelea mno huacha shughuli zake. Aliyekosea umbali hana cha kuchagua hata akirudi na picha elfu.

Mifano yangu ni ya Ipinda na ukanda wa kaskazini wa Ziwa Nyasa. Aliyeko Kisumu au Pemba abadilishe majina ya mito tu.

Wapi, na lini

Ipinda iko kwenye uwanda wa Kyela, kama mita 500 tu juu ya usawa wa bahari: joto, unyevu, mpunga, kakao, migomba, michikichi, na mito inayoshuka milimani kuingia ziwani. Ndege hawatagi wote wakati mmoja, kwa hiyo usitoke nyumbani bila kujua unamfuata nani.

- Mvua zikikolea, Desemba hadi Aprili hivi: kwera (wengine huwaita mnana) kwenye miti na minazi ya nyumbani, kweche wekundu kwenye matete na kando ya mashamba ya mpunga, na sile-maua, yule mwenye vidole virefu anayetembea juu ya majani yanayoelea.
- Kiangazi, hasa Agosti hadi Oktoba: mdiria na keremkerem, wanaochimba mashimo kwenye kuta za udongo za mito. Mbaka, Lufirio, Kiwira na Songwe zikipungua maji, kuta hizo huwa wazi na kavu.
- Wakati wowote, inua macho: chini ya makuti makavu ya michikichi yanayoning'inia, teleka wadogo hugandisha viota vyao kwa mate, na mayai nayo huyagandisha kwa mate yale yale ili yasidondoke upepo ukivuma.

Maonyo matatu kabla hatujaendelea. Mito ya Kyela ina mamba, na mahali pengine viboko. Usikae ukingoni ukiwa na jicho kwenye kamera. Waulize wavuvi wa hapo ni wapi pa kukaa, na wakikwambia si hapa, ondoka. Pili, Songwe ni mpaka wetu na Malawi. Lenzi ndefu iliyoelekezwa kituo cha Kasumulu, au bandari za Itungi na Kiwira, itakuletea maswali hata kama unamlenga mdiria. Tatu, kamera ya kurusha angani inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Hata ukiwa nacho, usiirushe juu ya viota. Ndege huiona kama mwewe.

Anza na kwera wa nyumbani

Wengi wanaoanza hukimbilia tai wa ziwani. Mimi nawashauri waanze na mti wa kwera ulio karibu na nyumba, stendi au soko. Ndege hao wamezoea watu, baiskeli na muziki, kwa hiyo kosa lako dogo haliwagharimu sana. Tena wana shughuli nyingi: dume hurarua ukanda wa jani, huanza kwa kufuma pete, husimama ndani ya pete hiyo na kuendelea kufuma hadi chumba kikamilike. Kisha huning'inia chini ya mlango akipiga mbawa kumwita jike. Jike huja kukagua. Kiota kikikaa bila kukubaliwa hadi kikanyauka, dume hukivunja mwenyewe na kuanza kingine kibichi. Asubuhi moja chini ya mti mmoja inakupa hatua zote hizo.

Namna ya kusogea

Hapa ndipo picha nyingi huharibika, kwa hiyo tulia nami.

1. Simama mbali, mahali ambapo ndege hakujali kabisa. Weka kamera chini. Tazama tu kwa nusu saa.
2. Jifunze njia yake: anatokea upande gani, anatua tawi lipi kabla ya kuingia, anakaa ndani muda gani, anarudi baada ya muda gani. Tawi hilo la kutulia ni la thamani kuliko kiota chenyewe.
3. Sogea hatua chache, kwa mshazari. Usimwendee moja kwa moja ukimkodolea macho, kwa kuwa ndivyo adui anavyokuja.
4. Simama tena. Subiri hadi aingie na kutoka kama mwanzo. Asipoingia, umevuka mpaka: rudi nyuma ulikotoka.
5. Akirudia mwendo wake wa kawaida mara kadhaa, hapo ndipo pako. Keti. Usitafute hatua nyingine mbili za ziada.

Msomaji atasema: nipe idadi ya mita. Sitatoa, kwa sababu kwera wa stendi ya Ipinda anakuvumilia ukiwa chini ya mti wake, na sile-maua wa bwawani ataondoka ukiwa bado unavua viatu. Mwenye kupanga umbali ni ndege, na dalili zake zinasomeka:

- analia mlio mmoja mkali, tena na tena;
- amebeba chakula mdomoni na haingii, anaruka tawi hadi tawi;
- amejinyoosha au amejibana kimya, shingo imesimama;
- anajifanya amevunjika bawa akikuvuta upande mwingine;
- ameondoka, na mayai yako wazi juani.

Dalili moja inatosha kukurudisha nyuma. Ile ya mwisho inakutaka uondoke kabisa siku hiyo. Jua la saa sita la Kyela huua kinda asiye na manyoya kwa muda mfupi, na mvua ya Aprili nayo humpoza upesi.

Kama ndege ni mwoga, tumia kificho. Mwaka 1895 ndugu wawili Waingereza, Richard na Cherry Kearton, walitoa kitabu cha viota kilichopambwa kwa picha za kamera tupu, na baadaye wakafikia kujificha ndani ya ng'ombe wa bandia ili ndege wasiwaone. Cherry alifika Afrika Mashariki na kamera yake mwaka 1909. Huku kwetu huhitaji ng'ombe. Bajaji iliyosimama kando ya barabara, injini imezimwa, ni kificho kizuri sana. Ndege humwogopa mtu anayetembea kuliko gari lililotulia. Kando ya maji, mtumbwi wa mvuvi anayepita hapo kila siku ni bora kuliko chochote utakachokijenga. Keti chini, mwachie mwenyewe apige kasia kwa mwendo wake wa kila siku, na mlipe kwa muda wake.

Usifanye haya

- Usikate majani yanayoziba kiota. Majani hayo ni paa na pazia. Ukiyaondoa, jua linaingia, na kunguru anaona.
- Usikanyage njia mpya hadi kwenye kiota. Kenge, paka na watoto watafuata matete yaliyolala. Kaa ulipo, au tumia njia iliyopo.
- Usitumie flashi, wala usicheze mlio wa ndege kwenye simu. Dume anayesikia mlio huo huacha kulisha akamtafuta mpinzani asiyekuwepo.
- Usisogelee makinda yaliyokwisha kuota manyoya. Yakishtuka huruka nje kabla ya wakati, na hayarudi. Hili ndilo kosa ninaloliona likirudiwa zaidi, kwa kuwa ndipo makinda yanapopendeza.
- Usiende na kundi. Wawili wanatosha.
- Ukiona kunguru au mwewe amekaa anakutazama, ondoka. Wanajifunza kwa kumfuata mtu anapoangalia.

Wapo wanaonijibu kwamba wapiga picha wakubwa wa nje wanasogea kabisa. Wakubwa hao wana sheria zao. Uingereza, tangu sheria ya wanyamapori ya mwaka 1981, kumsumbua ndege aliye kwenye orodha maalumu akiwa kiotani ni kosa, na mpiga picha huomba leseni kwanza. Na mkubwa mwenyewe wa kazi hii, Eric Hosking, alipoteza jicho la kushoto mwaka 1937 baada ya bundi kumvamia usoni karibu na kiota. Aliendelea kupiga picha maisha yake yote, na aliwasisitizia wengine kwamba usalama wa ndege unatangulia picha.

Mwenye shamba ana neno

Kuanzia mpunga unapotia maziwa, familia nzima za Kyela zinaamia ndege, watoto kwa wazee, tangu alfajiri. Kwera na kweche unaowafuata kwa mapenzi ndio wanaokula jasho lao. Kwa hiyo:

- Piga hodi kwa mwenye shamba kabla ya kutoa kamera. Msalimie mzee kwa heshima yake, mweleze unachofanya, mwonyeshe picha. Ukijua kusema *ndaga*, asante ya Kinyakyusa, sema.
- Katika kijiji usikojulikana, pita kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji.
- Usimwonyeshe mtu yeyote kiota kilichofichika, wala usitaje mahali pake. Si kila anayeuliza ana nia mbaya, lakini habari husafiri.
- Usiingie kati ya majaruba kutafuta pembe nzuri. Mpunga uliolala ni hasara ya mtu.

Zima pia alama ya mahali kwenye kamera ya simu. Picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupoteza alama hiyo pamoja na ubora wake. Wengi, ili kulinda ubora, huituma kama waraka, na hapo alama ya mahali huenda nayo hadi kwenye kundi zima.

Mwanga wa huku

Milima ya Livingstone imesimama upande wa mashariki wa ziwa, na Matema iko chini yake kabisa. Jua huchelewa kuifikia. Asubuhi unapata muda mrefu wa mwanga laini usio na kivuli kikali, mzuri kwa ndege wenye manyoya meusi au meupe, lakini mchache kwa kasi ya shata. Ukirudi magharibi kuelekea Ipinda, jua linakufikia mapema zaidi. Jioni mambo hugeuka: jua liko nyuma yako, milima imewaka mbele, na ndege aliye kando ya maji anapata mandhari ya buluu na kijani iliyokolea. Saa nne hadi saa tisa alasiri weka kamera chini.

Kamera na simu

Kwa kifupi tu, maana hapa watu hupoteza muda mwingi kuliko panavyostahili.

- Ndege anayeruka: kasi ya shata 1/1600 au zaidi. Anayefuma au kulisha: 1/800. Mtumbwini usishuke chini ya 1/1000. Pandisha ISO bila woga. Chembechembe husameheka, ukungu wa mwendo hausameheki.
- Lenzi ya milimita 300 inatosha kwa kwera na kwa fundi chuma, yule mwenye kiota kikubwa cha vijiti. Kwa mdiria utatamani 400 au zaidi.
- Lenga mapema kwenye tawi la kutulia au mlango wa kiota, kisha subiri ndege aje.
- Piga mfululizo mfupi, si mrefu. Mfululizo mrefu hujaza kadi na kukuongezea kazi ya kuchagua.
- Simu: usivute zumu hadi mwisho, picha itavunjika. Bana lenzi ya simu kwenye jicho moja la darubini. Kwa kwera waliozoea watu matokeo yanashangaza. Gusa na kushikilia kioo hadi mwanga ufungwe.
- Ukitoka chumba chenye kiyoyozi kuingia joto la Kyela, lenzi huingia ukungu. Iache ndani ya mfuko uliofungwa hadi ipate joto.

Sasa, uchague ipi?

Usifute chochote shambani. Kioo kidogo juani kinadanganya, na ukiwa umejawa na furaha huoni makosa. Rudi nyumbani, kula, lala. Kesho yake fungua picha kwenye kioo kikubwa kuliko cha kamera, uzipitie kwa mpangilio huu.

Pita ya kwanza, jicho. Kuza picha hadi jicho la ndege. Si kali? Itoke. Usijitetee kwamba mdomo umetoka vizuri au kiota kimetoka vizuri. Picha ya kivuli cheusi mbele ya anga ya jioni haihukumiwi kwa jicho, ila mstari wa mwili uonekane wazi.

Pita ya pili, hofu. Kabla ya uzuri, angalia zile dalili tulizotaja. Ndege aliyenyoosha shingo akikutazama, mdomo wazi wa kelele, chakula mdomoni na mwili umegeukia upande wako: hizo zitoke, hata ziwe kali kama wembe. Wengi hubishana nami hapa. Huniambia, mbona anaonekana ana nguvu, ana maisha? Ana hofu, na anayewajua ndege ataiona mara moja. Vivyo hivyo makinda yaliyofungua midomo bila mzazi karibu: makinda hufungua midomo hata kiota kikitikiswa, na mtazamaji mzoefu atajiuliza nani alitikisa.

Pita ya tatu, shughuli. Panga zilizobaki kwa makundi: anayeleta, anayejenga, anayelisha, anayetoka. Kila kundi libaki na moja. Hapa kumjua ndege kunalipa kuliko bei ya lenzi:

- *Kwera:* fremu ya dume amesimama ndani ya pete, kabla kiota hakijafungwa, ni bora kuliko dume pembeni ya kiota kilichokamilika. Umbo liko wazi na unaona anachofanya. Kati ya kiota kibichi na kilichonyauka, chukua kibichi, isipokuwa dume anakivunja. Hiyo ni picha adimu.
- *Mdiria:* tazama samaki mdomoni. Akimshika kichwa kikielekea nje, anampelekea mwingine, kinda au mwenzi. Kichwa kikielekea kooni, atammeza mwenyewe. Fremu mbili zinazofanana, moja ina habari ya kiota, nyingine haina.
- *Sile-maua:* dume ndiye anayeatamia na kulea. Hubeba makinda chini ya mbawa zake, na miguu yao mirefu huning'inia nje. Ukiwa na fremu ambayo miguu hiyo inaonekana, zile nyingine weka kabatini.
- *Fundi chuma:* kiota chake cha vijiti ni kikubwa mno, kinaweza kupita mita moja na nusu kwa upana. Picha ya karibu inaficha jambo lenyewe. Chagua pana, mti wote uonekane, na ndege awe mdogo akiingia kwa mlango wa chini.
- *Teleka:* kiotani hutampata vizuri, wala usijaribu. Chagua fremu ya jioni akiingia chini ya makuti, mbawa zikiwa kama mundu.

Katika mfululizo mmoja, fremu nzuri mara nyingi ni ile ya kabla tu ya kutua: mbawa zimefunguka, kichwa kimeelekea mlangoni, miguu imetangulia. Wengi huchagua ile ya baada, kwa sababu ndege ametulia na ni mkali. Iangalie ya kabla kwanza.

Pita ya nne, nyuma na pembeni. Tawi linalotokea kichwani mwa ndege, bati linalong'aa, mfuko wa plastiki, bawa lililokatwa na ukingo. Acha nafasi upande anaoelekea ndege. Kukata picha kunaruhusiwa, ila ukilazimika kubakiza sehemu ndogo sana ulikuwa mbali kwa lenzi uliyonayo. Suluhisho ni kuitumia picha hiyo kama picha ya mazingira, kiota kikiwa sehemu ya mti na ziwa, na mara nyingi hiyo ndiyo inayopendwa zaidi.

Zikibaki mbili huwezi kuzitenganisha, mwonyeshe mtu asiyekuwepo, bila kumweleza chochote, umwulize ndege anafanya nini. Chukua ile anayoijibu upesi. Usimwulize ipi nzuri. Atachagua yenye rangi kali.

Na usichague kwa sababu ulipata taabu. Mvua iliyokunyeshea, mbu, safari ya baiskeli hadi Matema, vyote hivyo mtazamaji havioni.

Swali la mwisho linalorudi kila msimu

"Nimekuta kinda limeanguka. Nikiligusa, mama atalisusa kwa harufu ya mtu?" Hapana. Ndege wengi hawategemei harufu kuyatambua makinda yao. Kinachowafukuza ni wewe kuendelea kukaa pale. Kama halina manyoya na kiota kinafikika salama, lirudishe haraka, uondoke bila kupiga picha. Kama lina manyoya na linarukaruka, huenda limetoka lenyewe; liweke kichakani karibu, mbali na mbwa, uondoke.

Ukishachagua picha yako, usiiache tupu. Andika tarehe, mto au bwawa kwa jina pana tu, ndege alikuwa anafanya nini, na alikuwa na mayai au makinda. Taarifa hiyo inapokelewa eBird bila malipo, na orodha yake ina alama maalumu za ndege anayejenga, anayeatamia na anayelisha. Kama mahali panahitaji kulindwa, weka eneo pana. Kisha mpelekee mzee wa hapo Ipinda picha hiyo, umwulize Wanyakyusa wanamwitaje ndege huyo, na uliandike jina hilo pamoja na jina la Kiswahili.